Achari Iliyonunua Mkate na Siagi

Mtango haumsubiri mtu. Siku 50 hadi 65 baada ya mbegu kuingia ardhini, shamba zima huanza kuzaa kwa mkupuo, na tangu hapo mkulima hana budi kupita kwenye matuta kila siku, au akikawia sana kila baada ya siku moja. Tango likiachwa siku tatu nne za ziada hunenepa, ngozi hugeuka manjano, mbegu hukomaa zikawa ngumu, na mmea wenyewe hupunguza kuzaa kwa sababu umeshapata mbegu ulizokuwa ukizitafuta. Mwaka ambao mvua na jua vimekubaliana, matango huwa mengi kuliko walaji. Nalo si zao la kutiwa ghalani. Takriban asilimia 95 ya uzito wake ni maji, na hata jokofuni halidumu, maana baridi ya chini ya nyuzi 10 hulidhuru likalainika na kutoka mabaka.

Katika majimbo ya kati ya Marekani, ambako msimu wa joto ni mfupi na mavuno huja yote kwa wakati mmoja, tatizo hilo lilipata jibu tamu: matango yaliyokatwa vipande vyembamba vya duara, yakachanganywa na vitunguu, yakatiwa kwenye siki iliyochemshwa na sukari, haradali na manjano, kisha yakafungwa ndani ya chupa za kioo. Kwenye rafu za maduka ya huko huuzwa kwa jina la achari ya mkate na siagi, ingawa ndani yake hamna mkate wala siagi.

Jina hilo linahusishwa na mume na mke, Omar na Cora Fanning, wakulima wa matango wa jimbo la Illinois. Miaka yao ya mwanzo ilikuwa migumu kwa wakulima wote wa Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mazao yao yalikuwa na soko kubwa Ulaya, na wengi walikopa ili wapanue mashamba. Vita vilipokwisha na Ulaya ikarudi kulima, bei zilianguka vibaya kati ya 1920 na 1921, madeni yakabaki palepale. Inasimuliwa kwamba akina Fanning waliyachukua matango madogo na ya ziada ambayo wanunuzi hawakuyataka, wakayatengeneza achari kwa mapishi ya nyumbani, kisha wakampelekea mwenye duka la vyakula. Hakuwalipa fedha. Walibadilishana mali kwa mali: wao walitoa chupa za achari, yeye akatoa mahitaji ya nyumbani, yakiwemo mkate na siagi. Mwaka 1923 waliomba jina hilo lisajiliwe kuwa alama yao ya biashara, na jina la Fanning likaendelea kuonekana kwenye lebo za chupa kwa miaka mingi.

Yapo maelezo mengine, nayo yanapendwa sana. Wapo wasemao kwamba jina lilizaliwa wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, pale familia maskini zilipokula mkate uliopakwa siagi na kuwekwa vipande vya achari, basi, hicho ndicho chakula cha mchana. Kwamba watu walikula hivyo ni kweli. Lakini mdororo ule ulianza mwaka 1929, na jina lilikuwa limeshaandikwa kwenye karatasi za serikali miaka sita kabla. Achari yenyewe ni ya zamani kuliko vyote viwili. Wake wa wakulima walikuwa wakitengeneza matango ya siki na sukari muda mrefu kabla Omar na Cora hawajafikiria lebo, na Wajerumani waliohamia Pennsylvania walikuwa na desturi ya kujaza meza ya wageni vibakuli vya vitu vitamu na vya ukali. Akina Fanning hawakubuni chakula kipya. Walichofanya ni kukipa jina lililoshika, wakakitoa jikoni kwao kikaingia dukani.

Wala hawakuwa peke yao kuona mali kwenye tango lililokosa mnunuzi. Huko North Carolina, katika mji mdogo wa Mount Olive, mhamiaji kutoka Lebanoni aitwaye Shikrey Baddour aliona matango yakiozea mashambani. Alikusudia kuyanunua, kuyalaza kwenye maji ya chumvi na kuyauza kwa viwanda vya achari. Viwanda havikujitokeza kununua. Wenyeji wa mji, wenye maduka na wakulima, wakachanga mtaji, na mwaka 1926 wakaanzisha kampuni yao wenyewe ya kufungasha achari. Kampuni ya Mt. Olive ingalipo mpaka leo, na ni miongoni mwa kubwa zaidi nchini humo. Kila mkesha wa Mwaka Mpya hushusha tango kubwa la taa kutoka kwenye mlingoti wa bendera, saa moja jioni, ili sherehe ilingane na saa sita za usiku za Greenwich na watoto wawahi kulala.

Achari hii hutambulika kwa macho kabla ya ulimi. Shira yake ni ya manjano ya dhahabu kwa sababu ya bizari ya manjano, na mbegu za haradali huelea ndani yake au hutulia chini ya chupa. Vipande vya tango vina ukingo wa kijani na moyo unaopitisha mwanga, na kati yao hujipenyeza pete za vitunguu zilizolainika. Viwanda vingi huvikata kwa kisu cha mawimbi, ili shira ipate pa kushika. Ukiuma, utamu hutangulia, ukali wa siki hufuata, na mwishoni hubaki harufu ya haradali na mbegu za seleri. Kipande kizuri hulia kinapotafunwa. Kikikunjika mdomoni kimya kimya, mpishi alikosea mahali fulani.

Mashariki ya nchi hiyohiyo kuna tango la ukoo mwingine kabisa. Kwenye mitaa ya Lower East Side, jijini New York, wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya ya Mashariki walileta tango zima, lisilokatwa, lililolazwa kwenye pipa la maji ya chumvi pamoja na kitunguu saumu na shibiti, bila tone la siki wala chembe ya sukari. Humo bakteria wa asili hula sukari iliyomo ndani ya tango na kutoa asidi ya laktiki, ileile inayogandisha maziwa ya mgando. Tango la pipa ni chumvi na uchachu mtupu, na hubadilika kila siku kwa sababu bakteria wangali kazini. La mkate na siagi halichachuki. Ukali wake umetoka kwenye siki, ukapimwa kwa kikombe, na siku chupa inapofungwa kiasi chake kimeshaamuliwa.

Wamarekani hubishana juu ya haya mawili kama wapenzi wa timu za mpira. Wa upande wa chumvi husema utamu ni wa keki, si wa tango. Wa upande wa sukari husema tango la pipa hufunika kila kitu kilichomo kwenye sahani. Mla achari wa pwani ya Afrika Mashariki hawezi kushangazwa na upande wowote. Achari ya ndimu inayowekwa pembeni ya pilau na biriani ni ya chumvi na pilipili, na achari ya embe iliyokaushwa juani, ikatiwa sukari na pilipili, ile ya rangi nyekundu inayouzwa kwa vifuko mitaani Mombasa, ni ushahidi kwamba ukali na utamu vinaweza kukaa mdomo mmoja bila kugombana. Tofauti ni kwamba achari za pwani zimerithi mengi kutoka India, na huko ndiko tango lenyewe lilikotoka.

Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba mtango asili yake ni chini ya milima ya Himalaya, na kwamba umelimwa India kwa maelfu ya miaka. Kutoka hapo ulienea magharibi. Mwandishi Mroma Plinio Mkubwa alisimulia kwamba Kaisari Tiberio alilipenda tango kiasi kwamba halikukosekana mezani pake hata siku moja. Watunza bustani wake waliipanda mitango kwenye vitalu vyenye magurudumu, wakivisukuma juani mchana, na wakati wa baridi wakivifunika kwa mawe yanayopitisha mwanga. Kwa mtu asiye kaisari, kula tango nje ya msimu kulikuwa na njia moja tu, nayo ni kulihifadhi.

Lakini kuhifadhi kwa siki na sukari ndani ya chupa kulihitaji vitu viwili ambavyo dunia ilivipata kwa kuchelewa. Cha kwanza ni sukari ya bei nafuu. Kwa karne nyingi ilikuwa anasa ya matajiri. Mashamba ya miwa ya Karibi, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, ndiyo yaliyoifikisha madukani, na katika karne ya 19 kilimo cha viazisukari kilisaidia kuishusha bei zaidi, hadi familia ya mkulima ikaweza kumimina vikombe vinne kwenye sufuria moja ya achari.

Cha pili ni chupa inayofungika. Mfaransa Nicolas Appert alionyesha kwamba chakula kilichofungwa ndani ya chupa na kuchemshwa hakiozi, na mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ikamtunza faranga 12,000, ingawa wakati huo hapakuwa na aliyeweza kueleza sababu. Maelezo yalikuja baadaye na Louis Pasteur. Chupa za Appert zilizibwa kwa vizibo na nta, kazi ndefu na yenye kukosewa mara kwa mara. Tarehe 30 Novemba 1858, John Landis Mason, fundi wa vyuma, alipata hataza ya chupa ya kioo yenye mdomo wa skrubu na kifuniko cha kuzungusha. Ilikuwa rahisi kufunga, rahisi kufungua, na ilitumika tena mwaka uliofuata. Hati ya Mason ilipoisha muda wake, viwanda vingi vilianza kuzitengeneza, na kabati za wakulima zikajaa.

Kufikia mwisho wa karne hiyo achari ya matango ilikuwa biashara kubwa. Henry J. Heinz, aliyeanza mwaka 1869 karibu na Pittsburgh kwa kuuza mzizi wa kukwaruza wenye ukali uliotiwa kwenye siki, alipeleka bidhaa zake kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893. Alipewa nafasi ghorofani, mahali ambapo wageni waliochoka hawakutaka kupanda. Akachapisha kadi ndogo zilizoahidi zawadi kwa atakayefika kwenye meza yake, akazisambaza uwanja mzima. Zawadi ilikuwa kishaufu kidogo chenye umbo la tango la achari. Watu walipanda ngazi kwa maelfu.

Ndani ya chupa, kila kiungo kina kazi yake, na ladha ni sehemu tu ya kazi hiyo.

Chumvi hutangulia. Kipande kimoja cha tango kikinyunyiziwa chumvi na kuachwa juu ya sahani, baada ya dakika chache huchomoza juu yake vitone vidogo kama jasho, vitone vinaungana, na kabla ya robo saa kipande kimelala kwenye kidimbwi chake chenyewe. Chumvi iliyo nje huvuta maji yaliyo ndani ya chembe za tango. Wanasayansi huita osmosisi. Mpishi anayaondoa maji hayo kwa makusudi, kwa sababu yakibaki yatatoka baadaye ndani ya chupa na kuizimua siki. Wamarekani hufunika sufuria hiyo ya chumvi kwa barafu, na wanaojua achari hawairuki hatua hiyo, kwa kuwa baridi hulifanya tango lishikamane na kubaki gumu wakati likipoteza maji.

Kuna adui mwingine wa ugumu, naye hukaa mahali padogo sana. Ncha ya tango ambako ua lilikuwa, upande wa pili wa kikonyo, ina vimeng'enya vinavyoyeyusha pektini, yaani gundi inayoshikilia kuta za chembe. Vikiachwa hufanya kazi polepole ndani ya chupa, na mwezi mmoja baadaye achari imekuwa uji. Kukata milimita moja na nusu kwenye ncha hiyo kunatosha. Ni jambo dogo kiasi kwamba wengi hulipuuza, kisha wanailaumu siki.

Siki ndiyo mlinzi. Udongo wa shamba lolote una mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo hazifi kwa maji yanayochemka. Zikikuta mahali pasipo na hewa na pasipo na asidi ya kutosha, huamka na kutoa sumu iliyo miongoni mwa kali zaidi zinazojulikana, na chupa iliyofungwa vizuri ni mahali pasipo na hewa. Kinachozizuia ni asidi: pale ambapo kipimo cha pH hakizidi 4.6, haziwezi kukua. Tango peke yake halifiki huko. Siki yenye asilimia 5 ya asidi ya asetiki, ikitiwa kwa kiasi kilichopimwa, hulifikisha na kupita. Ndiyo maana kanuni moja katika mapishi haya haina mjadala: mtu akiona achari ni kali mno aongeze sukari, asipunguze siki. Wala asiongeze maji.

Sukari, kinyume na watu wanavyodhani, si mhifadhi mkuu hapa. Jam hutegemea sukari. Achari hii hutegemea asidi. Sukari imekuja kuutuliza ukali wa siki hadi uweze kuliwa kwa furaha, na kuipa shira uzito kidogo wa kushika kwenye vipande. Haradali na mbegu za seleri huleta harufu na uchungu kidogo unaozuia utamu usichoshe. Manjano huleta rangi na ladha ya udongo wa mbali, naye ni mgeni aliyesafiri sana: India ndiyo mzalishaji wake mkubwa duniani, na wakulima wa viungo wa Zanzibar wanamjua vizuri.

Mapishi yanayoaminika zaidi Marekani ni yale yanayotolewa na wataalamu wa kuhifadhi vyakula wa Chuo Kikuu cha Georgia, kwa kuwa yamepimwa maabara. Yakigeuzwa kwa vipimo vya huku, yanahitaji matango mafupi kilo 2.7, vitunguu maji kilo 1.4, chumvi nusu kikombe, siki ya asilimia 5 karibu lita moja, sukari gramu 900, mbegu za haradali vijiko vikubwa 2, mbegu za seleri kijiko kikubwa kimoja na nusu, na manjano ya unga kijiko kikubwa kimoja. Mbegu za seleri zisipopatikana, achari itapungua harufu lakini haitaharibika, kwa sababu viungo vikavu havigusi usalama wake.

Matango huoshwa, ncha ya ua hukatwa, kisha hukatwa vipande vya unene wa milimita 5 hivi. Vinachanganywa na vitunguu vilivyokatwa vyembamba na chumvi, vinafunikwa kwa barafu ya kina cha sentimita 5, na kuwekwa kwenye jokofu saa tatu hadi nne, barafu ikiongezwa inapoyeyuka. Maji humwagwa. Siki, sukari na viungo huchemka dakika 10 kwenye sufuria kubwa, ndipo matango na vitunguu huingia na kuachwa vipate moto taratibu hadi vianze kuchemka tena. Hapo hapo hujazwa kwenye chupa za moto, na nafasi ya zaidi kidogo ya sentimita moja huachwa juu. Chupa zikishafungwa huzamishwa kwenye maji yanayochemka.

Muda wa kuchemsha chupa ndio unaobadilika kulingana na mahali. Kadiri mtu anavyoishi juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, na chupa huhitaji kukaa zaidi. Dar es Salaam na Mombasa, dakika 10 zinatosha. Kati ya mita 300 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako ndiko iliko Nairobi, iliyo karibu mita 1,700, ni dakika 15. Eldoret na Njombe, zilizo juu zaidi, ni dakika 20. Chupa zikitolewa na kupoa, hewa ya ndani husinyaa na kukivuta kifuniko chini, kikalia "tik". Mpishi aliyezizoea hukaa jikoni kuzihesabu. Chupa ambayo kifuniko chake bado kinabonyea na kurudi kikiguswa kwa kidole haikufungika, na hiyo huenda jokofuni iliwe kwanza.

Kwa wapishi wa Afrika Mashariki kuna mambo matatu ya kuangalia. Matango mengi ya sokoni ni yale marefu, ya ngozi nene na mbegu nyingi. Yafaayo ni machanga na membamba, yaliyochumwa karibuni. Chumvi ya dukani hutiwa madini joto kwa mujibu wa sheria, Kenya na Tanzania, na mara nyingi huwa na dawa ya kuizuia isigandamane. Inaweza kuitia shira ukungu, lakini achari haiwi mbaya kwa sababu hiyo. La tatu ndilo zito. Siki lazima lebo yake itaje asilimia ya asidi, na iwe 5. Siki isiyojitaja isitumike kwa chupa za kukaa kabatini. Wala chupa kuukuu za mayonesi zenye vifuniko vilivyochoka hazifai kwa kazi hiyo.

Asiye na vifaa bado ana njia. Mapishi yaleyale yakishafika hatua ya kujaza chupa huweza kupozwa na kuwekwa jokofuni bila kuchemshwa tena, yakaliwa ndani ya wiki chache. Ladha ni ileile, na vipande huwa vigumu zaidi kwa sababu vimepata moto kidogo. Kwa familia inayotengeneza chupa mbili tatu, njia hii ndiyo bora kabisa, na haina sababu ya kuonekana duni.

Chupa za kabatini zina sharti lake: subira. Wataalamu hushauri ziachwe wiki nne hadi tano kabla ya kufunguliwa. Siku ya kwanza siki na tango bado ni wageni, siki inachoma juu na ndani ya kipande mna maji ya tango tu. Kadiri wiki zinavyopita shira hupenya hadi katikati, tango hutoa ladha yake nje, na ukali hutulia bila mtu kuongeza kitu.

Mezani, kazi ya achari hii ni kupambana na mafuta. Kusini mwa Marekani nyama ya nguruwe au ya ng'ombe iliyookwa kwa moshi saa nyingi huletwa na mkate mweupe, vitunguu na achari pembeni, kwa sababu baada ya matonge kadhaa ulimi umefunikwa na mafuta na hauonji tena. Asidi huusafisha. Ndani ya baga, vipande viwili huweka utamu na ukali kati ya nyama na jibini. Hukatwakatwa pia na kuchanganywa kwenye saladi ya viazi, ya mayai au ya samaki jodari wa kopo, na huwekwa ndani ya sandwichi ya jibini iliyokaangwa kwa siagi. Huko Chicago soseji inayoliwa ndani ya mkate hupata vyote viwili: achari tamu iliyosagwa, ya kijani kinachong'aa, na kipande kirefu cha tango la chumvi ubavuni, kwa hiyo wabishi wote wanatosheka. Kazi hiyo ya kupambana na mafuta ndiyo inayofanywa na kachumbari mbele ya nyama choma, isipokuwa kachumbari huliwa siku hiyohiyo, nayo achari humngoja mgeni hadi mwakani.

Ni kikolezo, na kiasi chake ni cha kikolezo. Gramu 900 za sukari zikigawanywa kwenye chupa nane za nusu lita hufanya zaidi ya gramu 100 kwa kila chupa, na ingawa nyingi hubaki ndani ya shira, mtu mwenye kisukari ana haki ya kujua. Chumvi nayo imo, jambo la kuzingatiwa na wenye shinikizo la damu. Vipande vitatu vinne kwenye sahani vinatosha kufanya kazi, na zaidi ya hapo vinaanza kukifunika chakula chenyewe.

Jambo la kuumiza ni kwamba tatizo la akina Fanning lingali hai. Msimu ukichanganya huku Afrika Mashariki, matango husombwa sokoni kwa magunia, bei hushuka kila saa jua linavyopanda, na yaliyobaki jioni hutupwa nyuma ya vibanda. Hasara hiyo humwangukia mkulima na mama muuza mboga, watu wasio na akiba ya kuibebea. Achari ya siki haiondoi shida zote hizo. Siki nzuri ina bei, chupa zina bei, na kuuza chakula cha kuhifadhiwa kwahitaji vipimo na vibali. Lakini ni elimu ya jikoni, haihitaji mtambo wala umeme mwingi, na mapishi yake yamepimwa na kuandikwa wazi. Kikundi cha akina mama chenye sufuria mbili kubwa, kipimo cha asidi na mnunuzi mmoja wa uhakika kinaweza kuanza nayo, kama wenyeji wa Mount Olive walivyoanza walipokosa mnunuzi wa matango yao.

Chupa ikishafunguliwa mahali pake ni jokofuni, na uma wa kuchotea uwe safi. Vipande vikiisha hubaki shira, nayo wapishi wa Marekani hawaimwagi. Huitia kwenye saladi ya kabichi badala ya siki, huloweka ndani yake minofu ya kuku kabla ya kuikaanga, au hukatia humo vitunguu vya kuliwa kesho yake. Jambo moja tu hawalifanyi: hawaitumii tena kufungia matango mapya kwenye chupa za kabatini, maana maji ya matango ya kwanza yameshaipunguza asidi, na hakuna ajuaye imebaki kiasi gani.